Kuunga injini ya Land Rover 2.25 kwa vipuri vya injini tofauti

Ni nadra siku hizi kukuta Land Rover ya Series, iwe Tanzania au Kenya, yenye injini ambayo kila kipuri chake kilitoka nayo kiwandani Solihull. Gari limetumika misheni, likahamia halmashauri, likauzwa mnadani, likalala chini ya mwembe miaka kadhaa, na kila aliyelishika alibadilisha kitu. Anayetaka kulifufua leo anajikuta na bloku ya gari moja, hedi ya gari la pili, kranki aliyouziwa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, na pistoni mpya alizoagiza Uingereza. Injini ya namna hiyo inaweza kuungwa ikatulia na kudumu miaka mingi. Inaweza pia kuvunja konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, kabla hujafika Chalinze. Kinachotenganisha matokeo hayo mawili ni kama aliyeiunga alipima kila kipuri na mwenzake, au aliridhika pale bolti zilipoingia.

Mwongozo huu ni wa injini ya petroli ya lita 2.25 yenye silinda nne. Mwenye Datsun 1200, Peugeot 404 au Volkswagen ya mgongo atafuata utaratibu huuhuu, ila vipimo atavichukua kwenye kitabu cha gari lake.

Hatua ya 1: Jua kilichopo mezani

Injini hii ilianza kuuzwa mwaka 1958 pamoja na Series II. Kipenyo cha silinda ni mm 90.47, mwendo wa pistoni ni mm 88.9, na ujazo wote ni cc 2,286. Mwaka 1961 ilikuja dizeli yenye kipenyo na mwendo uleule. Mwaka 1980 bloku ilibadilishwa, kranki ikashikwa na beringi tano za mein badala ya tatu. Mwaka 1985 petroli ikaongezwa mwendo wa pistoni hadi mm 97, ikawa lita 2.5. Ukitazama historia hiyo utaona tatizo liko wapi: ni injini za ukoo mmoja zinazofanana kwa sura, na vipuri vyake vingi vitaingia kwenye injini ya jirani hata pale ambapo havistahili kuwemo.

Kwa hiyo kabla hujashika spana, tandika turubai safi, panga kila kitu, na ufungue daftari. Andika namba ya injini iliyogongwa juu ya bloku, upande wa kushoto mbele, karibu na manifoldi ya eksozi. Namba hiyo inakupa habari za bloku peke yake, haisemi lolote kuhusu vilivyomo ndani. Fungua sampu, karai la oili chini ya injini, uhesabu kepu za mein, vifuniko vinavyobana kranki kwenye bloku: tatu au tano. Soma namba zilizoganda kwenye chuma cha hedi, zilizogongwa kwenye kranki na zilizochapwa mgongoni mwa beringi, kisha uzilinganishe na kitabu cha vipuri. Usichukue neno la muuzaji wala rangi ya kipuri kama ushahidi. Rangi mpya inaficha mengi.

Ikiwa bloku si ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, anza mapema kushughulikia marekebisho ya namba ya injini, mamlaka ya mapato (TRA) kwa Tanzania na mamlaka ya usafiri na usalama barabarani (NTSA) kwa Kenya. Gari likishakamilika halafu namba zikapishana, kuliuza au kulivusha mpakani kunakuwa usumbufu mkubwa.

Hatua ya 2: Tenga visivyochanganywa kabisa

Vipo vipuri ambavyo hakuna kipimo cha kuviruhusu vihame. Cha kwanza ni kepu za mein. Kiwandani kepu hufungwa kwenye bloku kwanza, ndipo matundu yote ya mein yanachongwa kwa pamoja, chombo kikipita kutoka mwanzo wa bloku hadi mwisho. Kepu ya bloku nyingine itakaa, pini zake zitaingia, bolti zitakaza, lakini tundu halitakuwa duara, na wala halitakuwa kwenye mstari na wenzake. Kranki itazunguka ikiwa imebanwa, beringi ile itakula mafuta yake yote na kuungua. Ikiwa kepu imepotea, ama utafute bloku nyingine yenye kepu zake, ama upeleke hiyo kwa fundi wa mashine mwenye uwezo wa kuchonga njia yote ya mein upya. Njia ya tatu haipo.

Konrodi na kepu yake ni vivyo hivyo. Zimegongwa namba zinazofanana. Namba zielekeane upande mmoja. Ukikuta konrodi ya namba 3 imefungwa kepu ya namba 1, usijiulize ilifanyaje kazi, itoe tu.

Cha tatu ni tapeti. Injini hii inatumia tapeti za rola: kuna kiongozi (guide), kuna slaidi ndani yake, na kuna rola inayobingirika juu ya kamshafti. Kila seti imechakaa pamoja na ibaki pamoja. Tafuta mikebe minane, andika namba 1 hadi 8, na kila seti iingie mkebe wake. Wakati wa kurudisha, alama ya FRONT itazame mbele ya injini. Rola ikikaa kinyume haitapiga kelele siku ya kwanza, lakini itakula kamshafti.

Hatua ya 3: Kranki na beringi

Kranki ya beringi tatu haiingii bloku ya beringi tano, hapo hakuna mjadala. Hatari iko kwenye kranki ya aina sahihi ambayo imeshasagwa, halafu ikauzwa na beringi za saizi nyingine. Beringi za andasaizi huandikwa mgongoni 010, 020, 030 au 040, yaani sehemu ya elfu ya inchi zilizoondolewa kwenye shingo ya kranki. 010 ni karibu mm 0.25. Shingo za mein zinaweza kuwa 010 na za bigendi, zile zinazoshikwa na konrodi, zikawa 020 kwenye kranki ileile. Hata beringi zilizotoka nazo zisikudanganye, kwa sababu huenda aliyetangulia alifunga alichokipata.

Chukua mikromita. Pima kila shingo sehemu mbili, karibu na kila pembe, na kila sehemu ipime mara mbili kwa kuzungusha robo duara. Unatafuta mambo matatu: saizi yenyewe, kama shingo imekuwa yai, na kama ni nyembamba upande mmoja. Shingo za mein zikiwa mpya ni mm 63.5. Tofauti ya mm 0.05 kati ya kipimo kimoja na kingine kwenye shingo moja inatosha kuirudisha kranki mashineni isagwe saizi inayofuata.

Baada ya hapo funga beringi, laza kranki, na upime nafasi ya oili kati ya shingo na beringi kwa uzi wa plastiki wa Plastigage. Kata kipande cha urefu wa shingo, kiweke kikavu bila oili, funga kepu kwa spana ya toki hadi kipimo cha kitabu, na usizungushe kranki hata kidogo. Fungua. Uzi umebanwa ukawa bapa. Linganisha upana wake na karatasi iliyokuja nao. Nafasi kati ya mm 0.025 na 0.065 ni njema. Ukiona upande mmoja uzi umebanwa sana na mwingine haujaguswa, shingo au tundu limepinda, na beringi mpya hazitasaidia. Uzi huu ni wa bei ndogo kuliko kitu chochote kingine utakachonunua kwa ajili ya injini hii, na mtu asikushawishi kwamba fundi mzoefu anaweza kuhisi nafasi hiyo kwa mkono.

Kisha mchezo wa mbele na nyuma. Sukuma kranki kwa bisibisi kubwa, soma kwenye geji ya saa: kati ya mm 0.05 na 0.15. Ikizidi, zipo wosha za pembeni za ovasaizi. Kranki iliyotoka kwenye gari lililokuwa likiendeshwa na mtu anayepumzisha mguu juu ya klachi mara nyingi imeliwa hapo.

Sili ya nyuma ya bloku ya beringi tatu inakuja vipande viwili, na pembeni mwa kepu ya nyuma kuna raba mbili zenye umbo la T. Zisikatwe usawa wa kepu. Ziache zichomoze kidogo ili sampu izibane. Land Rover nyingi zinazolaumiwa kwa kuvuja oili nyuma zina raba hizo zilizokatwa vibaya.

Hatua ya 4: Pistoni na konrodi

Pistoni za dizeli zitateleza vizuri kabisa ndani ya silinda za petroli, maana kipenyo ni kimoja. Zilitengenezwa kwa mgandamizo wa 23 kwa 1, ilhali injini hii ni ya 7 au 8 kwa 1. Usizitumie, hata ukipewa bure.

Pistoni zote nne zitoke kwa mtengenezaji mmoja, seti moja, saizi moja. Hata hizo zipime, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na silinda inaamuliwa na mtengenezaji wa pistoni. Kabidhi pistoni mkononi mwa fundi wa mashine kabla hajaanza kubori bloku, yaani kupanua silinda zake, achonge kila silinda kwa pistoni yake, na uandike namba juu ya kila moja. Kubori kwa kukisia kisha kutafuta pistoni ni kugeuza kazi kichwa chini.

Ringi ziingize kwenye silinda moja moja, zisukume kwa kichwa cha pistoni zikae sawa, kisha pima mwanya kwa fila geji: mm 0.38 hadi 0.50. Mwanya ukiwa mdogo, piga msasa taratibu ncha moja ya ringi. Ringi isiyo na mwanya wa kutosha itapanuka kwa joto, ncha zitakutana, na itakwaruza silinda uliyolipia iboriwe.

Konrodi ndizo zinazosahaulika. Ukichanganya konrodi za injini mbili, uzito wake hautalingana, na injini itatetemeka ikipanda mwendo. Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali, au mwombe sonara wa mtaani akupimie. Mizani yake inasoma sehemu ya gramu. Pima kila konrodi nzima, kisha pima kichwa kikubwa peke yake huku kichwa kidogo kikining'inia kwenye waya kwa kimo kilekile kila mara. Nyepesi kuliko zote ndiyo kipimo chako, na nyingine zipunguzwe kwa kusugua chuma cha ziada kwenye ncha, kamwe si kwenye ubavu wa konrodi. Tofauti ikizidi gramu chache zilizowezekana kusuguliwa, rudi ukatafute konrodi za seti moja.

Kila konrodi ina kitundu kidogo cha kurushia oili. Kitazame upande wa kamshafti.

Hatua ya 5: Hedi na mgandamizo

Hapa ndipo mchanganyiko unapoleta faida au hasara kubwa, na hapa pia ndipo watu wengi wanapokisia.

Zilitengenezwa hedi za mgandamizo wa 7 kwa 1 na za 8 kwa 1, na zote zinafunga kwenye bloku hizi. Hedi ya 8 inatoa nguvu zaidi na inatumia petroli vizuri zaidi. Lakini hedi iliyoskimiwa (kusagwa uso wake) mara mbili na mafundi wawili tofauti si 7 wala 8 tena. Usisome, pima.

Laza hedi juu chini mezani, usawa kabisa, plagi na valvu zikiwa zimefungwa. Paka grisi nyembamba kuzunguka chemba, bandika juu yake kipande cha plastiki ngumu inayoonekana, kilichotobolewa kitundu kimoja. Vuta mafuta ya taa kwenye bomba la sindano la ml 20 au zaidi, yaliyotiwa tone la oili ya gia otomatiki ili rangi ionekane. Jaza chemba kupitia kitundu mpaka mapovu yote yatoke, ukihesabu mililita. Rudia kwa chemba zote nne. Zikipishana kwa zaidi ya ml 1, ama valvu moja imezama kwenye siti kuliko nyingine, ama hedi imeskimiwa mshazari.

Sasa hesabu. Silinda ya standadi ina ujazo wa cc 571.5. Ongeza ujazo wa chemba, ujazo wa gasketi na ujazo wa nafasi iliyobaki juu ya pistoni ikifika juu kabisa. Kwenye kipenyo hiki, kila mm 0.1 ya kimo ni karibu cc 0.64. Tuseme chemba yako ni ml 72, pistoni inabaki mm 0.5 chini ya uso wa bloku, ambayo ni cc 3.2, na gasketi ikibanwa ni mm 0.8, ambayo ni cc 5.1. Jumla cc 80.3. Jumlisha na 571.5 upate 651.8, gawa kwa 80.3: mgandamizo ni 8.1 kwa 1. Ili upate 8 kamili unahitaji jumla ya cc 81.64, kwa 7 unahitaji cc 95.25.

Angalia tofauti ya namba hizo mbili: cc 13.6. Kwa kipenyo hiki ni zaidi ya mm 2 za chuma. Anayekuambia ataskimu hedi ya 7 iwe ya 8 anazungumzia kuondoa unene huo, na ukishaondoka pushirodi zinakuwa ndefu kupita kiasi, skrubu za tapeti zinafika mwisho wa uzi wake, na bolti za hedi zinagota chini ya matundu kabla hazijabana kitu. Kuna waliofanya na wakafanikiwa. Kwa mtu anayetengeneza gari la kukaa nalo, ni heri kutafuta hedi ya 8 yenyewe hata kama itachukua mwaka.

Pistoni za ovasaizi nazo zinasogeza namba. Silinda iliyoboriwa 040 inafikia cc 584 hivi, na kwa hedi ileile mgandamizo unapanda kidogo. Kwa gari la Dar es Salaam au Mombasa, penye joto na hewa nzito ya pwani, kaa kwenye 8. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na injini inavumilia zaidi.

Kama umepata kamshafti ya lita 2.5, ambayo wengi huipenda kwa sababu inaipa 2.25 uhai, usifunge moja kwa moja. Bandika plastisini ya watoto juu ya pistoni ya kwanza, funga hedi na gasketi kuukuu, rekebisha tapeti mm 0.25, zungusha injini kwa hendeli mizunguko miwili kamili, kisha fungua ukate plastisini kwa wembe. Pale valvu ilipoacha alama pabaki unene usiopungua mm 2.

Hedi nyingi za zamani zilitengenezwa wakati petroli ina madini ya risasi, yaliyokinga siti za valvu zisiliwe, na kusini mwa Sahara petroli hiyo iliondolewa kufikia mwanzo wa 2006. Hedi ikiwa kwa fundi wa mashine, weka siti ngumu za eksozi. Ni kazi ya mara moja.

Hatua ya 6: Gasketi na nyuzi za bolti

Laza gasketi mpya ya hedi juu ya bloku bila kitu kingine. Tazama kila tundu la maji na la oili. Kisha ilaze juu ya hedi, utazame tena. Gasketi ya dizeli na ya petroli zinafanana kwa mbali tu. Kwenye silinda iliyoboriwa, pitisha kidole ndani ya duara: ukingo wa chuma wa gasketi ukichungulia ndani ya silinda utawaka mwekundu na kuiwasha petroli kabla ya plagi.

Sasa bolti, na hapa naomba usomaji wa makini. Land Rover hizi zina nyuzi za vipimo vya inchi, UNF na UNC, za mwanzo zina BSF pia, na katika miaka yote ya kupita mikononi mwa watu zimetiwa bolti za milimita. Bolti ya M12 yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya mm 1.25 itaingia kwenye tundu la nusu inchi la UNF, kwa kuwa hatua ya uzi wa UNF hapo ni mm 1.27, karibu sawa. Lakini bolti ile ina mm 12 na tundu lilitengenezwa kwa mm 12.7. Inashika kwa ncha za nyuzi tu. Inakaza kidogo, inadanganya mkono, halafu siku injini ikichemka inang'oka na nyuzi zake. BSF ya robo inchi ina nyuzi 26 kwa inchi, UNF ina 28; zitaanza kuingia mizunguko miwili kisha zitakaza, na mtu mwenye spana ndefu ataharibu tundu akidhani ni kutu.

Nunua geji ya nyuzi. Kama hujaipata, chukua bolti unayoijua, ilaze ubavuni mwa usiyoijua, nyuzi kwa nyuzi, uinue juani: mwanga usipite. Kila bolti iingie kwa vidole hadi mwisho kabla ya spana kuguswa. Pima kina cha tundu kwa kijiti na urefu wa bolti bila unene wa kinachofungwa. Ibaki nafasi chini. Tundu lisiwe na oili wala maji, maana kimiminika hakibonyei na kinaweza kupasua bloku.

Hatua ya 7: Fulaiwili, klachi na taimingi

Series za awali zilitumia klachi ya inchi 9 ya springi nyingi, za baadaye inchi 9.5 ya diaframu. Matundu ya fulaiwili hayalingani. Fulaiwili, pleti na diski ziwe za familia moja, na zikiwa zimechanganywa toka magari tofauti zipeleke zikabalansiwe pamoja. Injini iliyotoka kwenye Land Rover 110 yenye gia boksi ya spidi tano ina hausingi tofauti nyuma, na bushi iliyo kwenye mkia wa kranki ilinganishwe na shafti ya gia boksi yako kabla injini haijaingia garini. Kuigundua baadaye ni kutoa kila kitu upya.

Fulaiwili pia ndiyo yenye alama za taimingi. Alama ya EP inaonyesha mahali ambapo valvu ya eksozi ya silinda ya kwanza imefunguka kabisa, na kwa hiyo unapanga chenji na sproketi ya kamshafti, ambayo ina njia za ufunguo kadhaa kwa ajili ya kurekebisha. Ukifunga fulaiwili ya dizeli kwenye petroli, alama zake za kupiga dizeli hazikuhusu. Usiziamini alama zozote za kipuri kilichotoka kwingine. Tafuta kilele cha pistoni mwenyewe: weka kizuizi kwenye tundu la plagi ya kwanza, zungusha kwa hendeli mpaka pistoni iguse, chora alama; zungusha kinyume mpaka iguse tena, chora nyingine; katikati ya alama hizo ndipo kilele kilipo. Piga alama yako kwa patasi ndogo. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Distribyuta zilikuwa za Lucas na baadaye Ducellier. Kofia, rota na pointi za moja haziingii nyingine. Manifoldi ya kuvuta na ya eksozi zimefungwa pamoja na zote zinabana upande mmoja wa hedi. Zikitoka injini mbili, nyuso zake hazitalingana. Ziunganishe kwa kulegeza, weka rula ya chuma juu ya nyuso zote, na kama mwanga unapita zipeleke zikaskimiwe zikiwa zimefungwa.

Hatua ya 8: Kuunga na kuwasha

Paka oili kila kinachosuguana. Kaza kepu moja ya mein, zungusha kranki kwa mkono. Kaza ya pili, zungusha tena. Ukiona uzito umeongezeka ghafla, kosa liko kwenye kepu uliyokaza sasa hivi, na hutahitaji kufungua zote kulitafuta. Fanya hivyo hivyo kwa kila pistoni. Hedi kaza kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje, bolti kubwa za nusu inchi zifike futi-pauni 65, sawa na Nm 88. Tapeti zote mm 0.25.

Toa plagi, jaza oili, na uzungushe injini kwa stata mpaka geji ya oili ipande au taa izimike. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Injini ikishapata moto, kwenye mwendo wa kama km 50 kwa saa gia ya nne, presha ya oili iwe kati ya psi 35 na 65. Ikiwa chini ya hapo na ulipima beringi zote, kagua springi na valvu ya presha ya pampu, ambazo huenda nazo zimetoka kwenye injini nyingine.

Usiiache ikinguruma taratibu saa nzima uwanjani ukidhani unaipumzisha. Ringi zinataka mzigo wa wastani, mwendo unaopanda na kushuka. Baada ya km 800 hivi mwaga oili, kaza hedi tena injini ikiwa baridi kwa kulegeza kila bolti kidogo na kuirudisha kwenye kipimo, kisha pima tapeti upya.

Halafu rudi kwenye lile daftari. Andika kwa wino: kranki mein ngapi na bigendi ngapi, pistoni saizi gani na za nani, hedi chemba ml ngapi, gasketi ya aina gani, kamshafti ipi, klachi ya inchi ngapi, alama ya kilele umeipiga wapi. Tengeneza nakala, itie kwenye mfuko wa plastiki, uifunge nyuma ya kiti pamoja na hendeli, ili fundi atakayefungua sampu hiyo baada yako asianze kwa kukisia.